Mtandao Uko Sawa, Anaongea

Jina langu linaanza na herufi ambayo lazima midomo ifungwe kwanza ndipo itoke. Wengi hawajawahi kuyatazama majina yao kwa namna hiyo. Mimi nimelitazama langu tangu nikiwa mdogo kijijini kwetu Mamba, kwa sababu midomo yangu ikishafungwa kwa ajili ya herufi hiyo, kufunguka ni kazi nyingine. Inabana. Shingo inakaza, macho yanataka kufumba, na aliyeniuliza jina anabaki kunitazama hadi anaanza kuona aibu kwa niaba yangu.

Nyumbani hawakulifanya jambo kubwa. Bibi alisema ni kwa sababu nilinyolewa nywele za utotoni kabla sijatamka neno, na kwamba tatizo lingeisha lenyewe. Halikuisha. Nikajifunza kukwepa. Nikiona "baiskeli" inakuja, nasema "usafiri". Nikiona "pesa", nasema "hela". Nilikuwa na maneno ya akiba kwa kila kitu, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kukipenda Kiswahili, kwa sababu hakikuwahi kuniacha bila njia ya pili. Ila jina halina njia ya pili. Jina lako ni hilo hilo.

Kanisani tu ndiko nilikokuwa kama watu wengine. Katika kwaya niliimba sauti ya pili bila kukwama, na sala tulizosali pamoja zilinitoka laini kama maji. Tukimaliza, mtu akinigeukia nje ya kanisa kuniuliza habari za nyumbani, mlango unafungwa tena.

Nilipochaguliwa chuo cha ualimu Mpanda, baadhi ya majirani walishangaa waziwazi. Mjomba wangu mmoja aliuliza, "Atafundishaje?" Nilichojua ni kwamba nataka kufundisha Kiswahili, na kwamba nikisoma kimyakimya mimi ni fasaha kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Mwaka wa pili, mkufunzi wetu wa Kiswahili aliingia darasani akatuambia kuwa tumepata wenzetu huko Poland, wanafunzi wa chuo kikuu wanaojifunza Kiswahili. Tutakutana nao kwenye kompyuta kila Alhamisi mchana. Sisi tutawasaidia Kiswahili, wao watatusaidia Kiingereza, na wote tutajifunza namna mgeni anavyoisikia lugha. Mkufunzi huyo ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye hatua za haraka. Sote tulimwita madamu. Alizaliwa Katumba, katika familia iliyotoka Burundi, na Kiswahili alikikuta shuleni baada ya Kirundi cha nyumbani. Akiwa na haraka bado aliweza kusema, "Chukueni karamu zenu." Darasa likitabasamu, anaongeza bila kugeuka kutoka ubaoni, "Au kalamu. Yoyote itakayoandika." Kisha anaendelea.

Alhamisi ya kwanza tulijaa kwenye chumba cha kompyuta, wawili wawili kwa kila mashine. Mimi nilikaa na mwenzangu wa darasa, kijana wa Ugalla, ambaye baba yake ni mrina asali. Tulikuwa tumekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa mtu wa kuongea na mimi ni mtu wa kusikiliza, kwa hiyo hatukuwahi kugombana.

Kwenye kioo zikatokea sura za Wapolandi, kila mmoja chumbani kwake, na katikati yao mwalimu wao, mwanamume mwenye ndevu na Kiswahili kizuri cha vitabuni. Alitukaribisha, akasema, "Leo tutaanza na mchezo wa kuvunja barafu."

Tukatazamana. Mpanda barafu ni zile za kwenye vifuko, za ubuyu na za ukwaju, ambazo watoto hununua wakitoka shule. Kijana wa Ugalla akaninong'oneza, "Wataivunjaje kwenye kompyuta?" Madamu akacheka, akatufafanulia kuwa kwao ndivyo wanavyouita mchezo wa kuchangamsha watu wasiojuana. Mpaka hapo na mimi nilikuwa nimechangamka.

Halafu mwalimu wao akaeleza mchezo. Kila mtu atasema jina lake na kitu anachokipenda kinachoanza na herufi ya jina hilo. Kisha atamtupia mwingine mpira, mpira wa kuwazia tu, na huyo ataudaka mbele ya kamera na kuendelea.

Nadhani mtu asiye na kigugumizi hawezi kujua mchezo huo ni nini kwetu. Jina, la kwanza kabisa, mbele ya wageni. Na zamu unayoiona inakuja. Wenzangu walifurahi mno. Kijana wa Ugalla aliudaka mpira kwa kujirusha kama golikipa, karibu aanguke na kiti, akasema jina lake na kwamba anapenda asali. Wapolandi wakapiga makofi. Dada mmoja wa Usevya, aliyekaa mbele yetu, akasema lake. Mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Nilikuwa nafanya mazoezi moyoni, na kila nilivyofanya mazoezi ndivyo midomo ilivyozidi kukaza.

Msichana mmoja wa Poland akanitupia. Nikaudaka. Nikafungua maiki.

Hakuna kilichotoka. Midomo ilifungwa, nikaisukuma, ikagoma. Nilijiona mwenyewe kwenye kile kidirisha kidogo, mdomo umekaza na macho yamekwama, sijongei.

"Naona mtandao wake umeganda," alisema yule msichana kwa upole.

"Hatukusikii!" mwingine akasema. "Toka, ingia tena!"

Kijana wa Ugalla akainama upande wangu mpaka uso wake ukaingia kwenye kamera. "Mtandao unasumbua huku kwetu," akasema. "Tuendelee tu, jamani." Akauchukua mpira kutoka mikononi mwangu, nasema hivyo ingawa haukuwepo, akamtupia mtu mwingine. Nikazima kamera. Nilimshukuru sana na nilitamani ardhi ipasuke, vyote kwa pamoja.

Kipindi kilipokwisha madamu aliniambia nibaki nimsaidie kufunika mashine na vitambaa. Tulifunika mbili tatu, kisha akavuta kiti.

"Kaa. Leo si mtandao uliokwama."

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Sikuulizi kwa nini, hayo ni yako. Nataka kujua mchezo wenyewe unakubana wapi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Walimu walionipenda waliniambia nivute pumzi. Wasionipenda waliniruka wakaenda kwa mwingine. Nilianza kumjibu, na ilichukua muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kila neno liligoma. Madamu hakunimalizia sentensi hata moja. Hakuangalia saa wala mikono yake. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekusimulia jambo, basi. Nikamwambia kuwa ni jina. Na ni ile kuiona zamu inakuja.

"Jina na zamu," alisema. "Basi tutaanza bila majina. Majina yao yenyewe sisi hatuwezi kuyatamka, haraka ya nini?"

Nikacheka. Ndipo akanisimulia kuwa alipokuwa darasa la tatu mwalimu wake alimsimamisha mara kwa mara aseme "kulala", naye akasema "kurara", na darasa zima likalipuka. "Nilikuwa nalala sawasawa kama wao," aliniambia, "ila kwa herufi tofauti." Akasimama, akamalizia kufunika mashine. "Halafu mstarini asubuhi tukiimba nakusikia. Hukwami. Kwenye kuimba hukwami kabisa. Nipe mpaka Alhamisi."

Sijui alimwambia nini yule mwalimu wa ndevu. Najua kwamba hakumwambia habari zangu, kwa sababu baadaye, aliponisikia nikikwama, mwalimu huyo alishangaa kama wengine. Ila Alhamisi iliyofuata ni madamu aliyesimama mbele ya kamera.

"Leo hakuna majina," alisema. "Kila mtu atatuletea sauti ya mahali anapoishi. Haongei. Sisi tutabahatisha."

Alikuwa ametuambia mapema tujiandae. Mpolandi wa kwanza alitoka nje na simu yake, akatembea. Tukasikia kitu kikivunjikavunjika, kru, kru, kru. Dada wa Usevya akapaza sauti, "Anatafuna muhogo mbichi!" Wengi tukakubaliana naye. Kumbe alikuwa anakanyaga theluji. Kijana wa Ugalla alikuwa na sauti kwenye simu, aliyoirekodi nyumbani wakati wa likizo akiwa ameuweka mzinga wa baba yake karibu na sikio, au sikio karibu na mzinga, nilimwambia yote mawili ni wazimu. Wapolandi wakasema ni friji. Mmoja akasema ni pikipiki iliyo mbali. Walipoambiwa ni nyuki, wakaomba wasikie tena, na safari ya pili wakakaa kimya kabisa.

Mimi nilikuja na ungo na mchele kidogo niliotumiwa kutoka Mamba. Nilifungua maiki bila kuogopa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu, na nikapeta. Sha, sha, sha.

"Bahari," mmoja alisema.

"Mvua."

"Mtu anafagia uwanja," alisema mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele ya dirisha lenye mapazia meupe. Sikuwa nimemwona Alhamisi ya kwanza.

Madamu alikuwa ameweka sheria: jibu sahihi halisemwi na mtu mmoja, linasemwa na upande wote wenye sauti hiyo kwa pamoja. Akahesabu kwa vidole, na darasa zima likasema, "Anapeta mchele!" Na mimi nimo. Sauti yangu ilitoka pamoja na zao, nzima, na hakuna aliyejua kuwa kwangu lilikuwa jambo.

Kisha akataka tufanye hivyo nchi zote mbili: tuseme wote kwa mara moja, "Tumefurahi kukutana." Hapo mtandao ukatufanyia vituko. Sisi tulisema, tukamaliza, tukanyamaza, ndipo zao zikaanza kufika, moja moja, kila mmoja kwa wakati wake, kama watu wanaochelewa misa wakiingia mlango wa nyuma. Na huko kwao walisikia zetu hivyo hivyo. Tukajaribu tena tukiwasubiri, nao walikuwa wanatusubiri. Kimya. Halafu wote tukaanza. Tulicheka mpaka dada wa Usevya akalaza kichwa mezani, na yule mwalimu wa ndevu akavua miwani akafuta macho. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu ule mchezo. Madamu angeweza kuniruhusu tu nisishiriki. Ingekuwa wema, na ningeshukuru. Yeye alikwenda akautengeneza upya mlango, kisha akatupitisha wote hapo bila kumwambia mtu umetengenezwa kwa ajili ya nani.

Sehemu ya pili ya kipindi tuligawanywa wawili wawili, Mtanzania na Mpolandi, kila jozi kwenye chumba chake cha mtandaoni, na waliokosa mashine wakatumia simu. Mimi nilipangwa na yule mama wa mapazia meupe. Alikuwa amestaafu unesi na alikuwa akihudhuria masomo pamoja na wanafunzi wa umri wa watoto wake. Swali tulilopewa lilikuwa: leo umekula nini, na nani amekipika?

"Shikamoo," akaniambia.

Nikamweleza kuwa mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia yeye. Ilinichukua muda, maana nilikwama mara kadhaa, na sikuwa na dada wa Usevya wala kijana wa Ugalla wa kunificha. Lakini mama yule hakuonekana kuona tatizo. Alisikiliza huku amekunja uso, anaifuata kila silabi. Alipokuja kujibu, yeye naye akasimama katikati ya sentensi, akatazama dari, akatafuta neno, akalikosa, akarudi mwanzo. Nikamsubiri. Nilijua kusubiri.

Alijifunza Kiswahili, alinieleza, kwa sababu ya mkwe wake. Mtoto wake wa kiume ameoa binti wa Mbeya, wanaishi kwenye mji mwingine wa Poland, na wana mtoto mdogo wa kike. "Mjukuu wangu," alisema, akatafuta neno, "anaongea na mama yake, wanacheka. Mimi sijui… wanacheka nini. Nataka kucheka."

Alhamisi baada ya Alhamisi tukaongea hivyo. Nikamfundisha kuwa wali ukiwa bado haujapikwa ni mchele, na kabla ya kukobolewa ni mpunga, naye akalalamika kuwa kitu kimoja hakiwezi kuwa na majina matatu. Nikamwambia aje Mamba wakati wa mavuno, ataona kuwa ni vitu vitatu kweli. Sijawahi kuongea na mtu mmoja muda mrefu kiasi hicho. Nikikwama, yeye hutazama mdomo wangu kwa makini. Akikwama yeye, mimi hutazama mapazia.

Siku moja aliniambia, "Nataka kusema asante. Wenzako wanaongea haraka sana. Wewe unaongea polepole kwa ajili yangu. Una moyo mzuri."

Ningeweza kuliacha hivyo. Ilikuwa sifa nzuri na ilikuwa tamu. Lakini mama yule alikuwa ameniambia mambo mengi ya kweli, mpaka hofu yake kwamba mjukuu atakua asimjue, na niliona vibaya kupokea shukrani isiyo yangu.

"Mama," nilisema, "si kwa ajili yako. Mimi nina ki… ki… ki…"

Uso wake ukachangamka. "Kitabu!" akasema.

Nikatikisa kichwa. "Ki… ki…"

"Kiti! Kikombe! Kijiko!" Alikuwa amesogea mbele kabisa, macho yanang'aa. Vipindi vyetu vyote vilikuwa vimeanza na michezo ya kubahatisha, na aliamini huu ni mwingine. "Ngoja, ngoja. Kiatu! Kiazi!"

Kicheko kilinianzia tumboni. Nilijaribu kukizuia ili nimalizie neno, na nilivyocheka ndivyo nilivyozidi kukwama, na nilivyokwama ndivyo alivyozidi kubahatisha. Alimaliza vyombo vya jikoni vyote alivyovijua. Alisema "kifaru". Hatimaye nikapata pumzi, neno likatoka lote: "Kigugumizi!"

"Hili silijui," alisema.

Nikamweleza. Safari hii alielewa kidogokidogo, niliona uso ukibadilika, na niliogopa kwamba sasa itakuja ile huruma ninayoijua. Hakusema pole. Alilitamka neno taratibu, mara mbili, kama anavyofanya kwa kila neno jipya. "Ki-gu-gu-mi-zi." Akafikiri. "Neno lenyewe lina kigugumizi," akasema. "Gu-gu."

Nimezaliwa ndani ya lugha hii, nimelibeba neno hilo miaka yote, na sikuwa nimelisikia. Ilihitaji mtu wa mbali, asiyejua bado tofauti ya wali na mchele, anisikilizishe. Siku hiyo nilirudi bwenini nikiwa nalirudia mdomoni, na lilikuwa neno tu.

Kipindi cha mwisho tulikutana wote. Madamu na mwalimu wa ndevu walikuwa wamekubaliana kuwa sasa ndipo tutaje majina, ila kila mtu amtambulishe mwenzake. Mama yule alinitambulisha mimi. Jina langu alilitamka vibaya, mkazo aliuweka pasipo pake, na lilinipendeza. Alisema nina subira na kwamba nimemfundisha mpunga. Kisha ikawa zamu yangu.

Niliwasha kamera. Madamu alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, hakunipa ishara yoyote. Nikaanza kwa jina langu mwenyewe, ingawa halikutakiwa tena. Nilitaka kulisema. Midomo ikafunga, kama kawaida.

Kijana mmoja wa Poland akauliza, "Samahani, ni mtandao?"

Kijana wa Ugalla alikuwa pembeni yangu, kama siku zote. Akainama kwenye maiki.

"Hapana," akasema. "Mtandao uko sawa. Anaongea."

Wote wakasubiri. Nilisukuma, nikapumzika, nikasukuma tena, na jina langu likatoka. Halafu nikamtambulisha mama: nesi mstaafu, bibi wa mjukuu mmoja, mtu anayesikiliza kwa mdomo wazi. Nilikwama njiani mara nyingi. Nilifika mwisho. Madamu aliniambia tu, "Haya, mwingine," kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa wenzangu wote, na hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonifaa zaidi.

Sasa nafundisha Kiswahili sekondari, huku kwetu Mpimbwe, jirani na Mamba, katika shule isiyo na chumba cha kompyuta. Kukwama bado nakwama. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huchukua wiki moja kunizoea, na wiki ya pili wanaanza kubishana na mimi kuhusu ngeli za nomino, ndipo najua tumeshaelewana. Madamu amehamishiwa chuo kingine. Nikimpigia simu husema habari za kazi kwanza, afya baadaye.

Yule mama alikwenda Mbeya kwa wakwe wa mtoto wake kiangazi kilichopita. Alinipigia kutoka huko, na nyuma yake nikasikia sauti ya mtoto ikimsahihisha kila sentensi: "Bibi, si hivyo, sema 'nimeshiba'." Alisema "nimeshiba". Mtoto akacheka, naye akacheka pamoja naye. Kisha akaniuliza kutoka Mbeya hadi kwetu ni mbali kiasi gani. Nikamwambia atapita Sumbawanga, na aje wakati mpunga uko shambani.

"Mpunga," alisema. "Si mchele."

"Si mchele, mama," nikamwambia. Mtoto akanyakua simu, akaanza kunieleza habari za kuku wa babu yake wa Mbeya, kwa kasi ya ajabu, bila kituo hata kimoja.